Kazi Zinazosubiri Jua

Machi 3

Sauti iliyobaki nami leo ni ya kikombe kikitetemeka ndani ya kisahani. Nilikuwa nimekaa kibandani kwa Baba Mdogo, nyuma ya jengo letu, ukuta mmoja na jenereta. Alikuwa amenimiminia chai. Umeme ukakatika. Akainuka bila haraka, akavuta mlango wa chuma akaenda kuwasha jenereta, na mara kila kitu mle ndani kikaanza kutikisika: dirisha, kitasa, na juu ya vyote kile kikombe, ting, ting, ting, kama kinaomba kushushwa mezani. Nikakishika kwa kiganja kikanyamaza. Aliporudi nikamuuliza kwa kelele, "Unaishije na kikombe kama hiki?"

Akanitazama. "Kikombe gani?"

Nimeanza na hilo kwa sababu habari yenyewe ya leo inanitisha. Mkurugenzi amenipa msimu huu wa mvua. Kampuni yetu inatunza seva za watu: kumbukumbu za wagonjwa za hospitali kadhaa, kurasa za shule, video za kila aina. Mashine hizo hazipumziki, na umeme wa gridi unapokatika zinaishi kwa dizeli. "Nimechoka kuwaeleza wateja kwamba data zao zinatunzwa kwa moshi," mkurugenzi alisema. Paneli za sola zimeshafungwa juu ya paa, na betri ziko kwenye iliyokuwa stoo. Mvua zikiisha, anataka dizeli iwe imepungua kwa nusu, na seva zisizimike hata mara moja. Nikishindwa, ataagiza jenereta ya pili.

Na nikifaulu? Baba Mdogo ndiye mwendesha jenereta. Alianza kazi hiyo kabla sijajua kusoma, na tangu baba yangu afariki, mshahara wa kibanda kile ndio ulionivisha sare za shule mpaka nikamaliza chuo. Mashine inayolala haihitaji mtu wa kuikalia karibu. Hilo sijamwambia. Lakini yeye si mtoto.

Machi 5

Mvua bado. Nimepanda kuosha paneli. Baba Mdogo alinishikia ngazi, akaniuliza kama vioo vyangu huwa vinapigwa deki kila siku au ni leo tu kwa sababu ya wageni.

Machi 8

Chumba cha seva ni baridi ya kukausha mifupa. Kijana wetu wa programu huingia humo amevaa sweta zito la kufuma, ndiyo maana tunamwita Sweta, na jina lake halisi nadhani mshahara peke yake ndio unaolikumbuka. Nikamuuliza ni nani aliyeamua viyoyozi viwekwe digrii kumi na nane.

"Tulikuta hivyo."

"Mlimkuta nani?"

"Hatukumkuta mtu. Tulikuta kumi na nane."

Nimesoma maelezo ya waliozitengeneza seva zenyewe. Zinavumilia joto zaidi ya hilo bila kulalamika, na viyoyozi ndivyo vinavyokula umeme karibu sawa na seva zilizowekewa viyoyozi hivyo. Nikapandisha digrii moja. Nitapandisha nyingine wiki ijayo, polepole, nikiangalia.

Mchana karani wa mapokezi akaja mezani kwangu amekunja uso. Kumbe nyuma ya kabati la mwisho la seva ndiko wanakohifadhi maziwa ya chai, nyanya zake, na keki iliyobaki ya mtu aliyehama kazi. "Injinia," akasema, "hizo seva zako hazinywi maziwa. Sisi tunakunywa." Nimemwahidi jokofu dogo. Litakula umeme kidogo sana kuliko kugandisha chumba kizima kwa ajili ya nyanya.

Machi 14

Mvua ya kwanza. Paa lote lilikuwa linapiga makofi.

Machi 17

Leo nimegundua kwa nini betri huamka zimechoka. Kazi nzito zote, yaani kunakili akiba ya data na kuchakata video, zinafanywa usiku.

"Kwa nini usiku?" nikamuuliza Sweta.

"Watu wamelala."

"Na jua?"

Akafikiri. "Jua nalo limelala."

Tukacheka, lakini kilichofuata hakikuwa mzaha. Tuliketi mpaka chai ikapoa tukizigawa kazi zote mafungu mawili: zisizoweza kungoja, kama daktari anayefungua faili la mgonjwa, na zinazoweza. Fungu la pili ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Video ya harusi ya mtu haidhuriki ikichakatwa saa sita mchana badala ya saa saba usiku. Sweta ataandika programu ya kuzishikilia kazi hizo mpaka paneli ziwe zinatoa umeme wa kutosha, kisha aziachie. Tulikuwa tumefikiri jibu ni kuongeza betri. Kumbe tulihitaji kubadilisha saa ya kufanya kazi. Nimefurahi kama mtu aliyepata chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Machi 22

Chakula cha jioni kwa Baba Mdogo. Televisheni ilikuwa inanguruma.

"Punguza," Mama Mdogo akasema. "Mtaa mzima umeshaijua taarifa ya habari."

Baba Mdogo hakugeuka.

"Unaona?" akaniambia mimi. "Huyu siku hizi amenifanya ukuta. Nikiongea namwambia nani? Naiambia sufuria."

"Sufuria inakujibu?" Baba Mdogo akauliza, maana kwa sentensi ya mwisho Mama Mdogo alikuwa amemgeukia.

"Inanijibu vizuri kuliko wewe."

Napenda nyumba yao. Wanagombana kama watu wanaokunjiana shuka, kila mmoja kashika ncha yake. Baba Mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. "Leo vioo vyako vimekula nini?"

"Mawingu, Baba Mdogo."

"Basi vitalala njaa." Akanipigapiga begani. Nilitaka kumwambia kuhusu kazi yake. Nikamwambia usiku mwema.

Machi 30

Hesabu haziendi. Kazi nzito zimehamia mchana, chumba cha seva kimefika digrii ishirini na mbili, Sweta amevua sweta (tumekubaliana jina libaki). Matumizi ya umeme yameshuka kweli. Dizeli haijashuka. Nimepitia kila kitu mara mbili. Jenereta imepangiwa iwashwe betri zikifika asilimia thelathini tu, na king'ora kinalia kibandani kumjulisha Baba Mdogo. Sasa dizeli inakwenda wapi?

Aprili 4

Nimejua.

Saa nane mchana wingu zito lilifunika mji na gridi ikakatika. Nilikuwa chumba cha betri. Skrini ilionyesha asilimia sabini na kitu. Kabla hata tone halijaanguka nikasikia ukuta ukitetemeka: jenereta imewashwa. Haikujiwasha. Inawashwa kwa mkono, na mkono ni mmoja tu.

Nilirudi mezani kwangu. Sikwenda kumuuliza. Nilikaa nikihesabu siku zote za mawingu tangu mvua zianze, na kila siku nikaiona dizeli ikichomwa bure, na ripoti yangu ikichomwa pamoja nayo. Anailinda kazi yake. Anayo haki. Ningekuwa yeye ningefanya nini? Lakini kila jioni anapanda ngazi nami kufuta paneli zilezile, anaziita vioo vyangu, ananicheka, ananipenda. Hilo ndilo lililoniuma. Angenikataza waziwazi ningevumilia.

Aprili 5

Sikwenda kunywa chai kibandani.

Aprili 6

Leo pia sikwenda. Alimtuma karani aniulize kama naumwa.

Aprili 9

Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kama mwanafunzi anayekwenda kutoa hotuba. Asubuhi nilikuwa nimemwambia Sweta ajaribu king'ora, kwa sababu kama nitamshtaki mtu mzima nilitaka kwanza nihakikishe mitambo yangu haina kosa. Nikasahau kwamba nimemwambia.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Nilidhani umehamia kampuni nyingine." Akanivutia kiti. "Kaa. Umekonda."

"Baba Mdogo, juzijuzi uliwasha jenereta betri zikiwa zimepita sabini."

"Kulikuwa na wingu."

"Wingu si asilimia thelathini."

"Wingu hili lilikuwa jeusi, mwanangu, jeusi kama..."

Hapo king'ora kikalia. Kimefungwa ukutani juu ya kichwa chake, kifaa kidogo cheupe chenye sauti nyembamba inayochoma kama sindano. Mimi niliruka. Yeye aliendelea kuieleza rangi ya wingu. Kikalia tena, na tena. Mkono wake ulikuwa hewani ukinichorea namna wingu lilivyokuja, uso wake umetulia, na juu yake kile kifaa kikipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Akaona sura yangu. Akafuata macho yangu mpaka ukutani, akaona kijitaa cha kijani kinapepesa. Mkono ukashuka.

"Kinalia?" akauliza.

"Kinalia."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

Mwishowe Sweta akakizima. Hata hilo nililijua mimi tu.

"Sauti nene nazisikia," akasema. "Jenereta naisikia. Wewe nakusikia ukinitazama. Hizi nyembamba zimeondoka siku nyingi. Ndege nilifikiri wamehama."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Mlinzi wa jenereta hasikii? Umekuja na mitambo yako, umeniwekea hicho kidude, umenieleza vizuri, kikilia washa. Nikakuitikia. Halafu nikaanza kuwaza, kitalia lini nami sijui? Seva zikizimika si mimi watakayemwita. Watakuita wewe. Nimeona hapa injinia akiondoka na sanduku la vitabu vyake kwa sababu ya dakika kumi za giza. Basi nikawa naangalia mbingu. Wingu likija, nawasha. Nikajisemea, bora dizeli iishe kuliko mtoto aaibike."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya mtu mwingine. Mle kibandani nilikuwa nimeingia kumkabili mtu anayeilinda kazi yake, na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa ameketi wiki nzima na wiki nyingine akiyakodolea macho mawingu kwa ajili yangu.

"Mama Mdogo anajua?"

"Yeye anaamini nampuuza." Akatabasamu kidogo. "Nimeona ni afadhali."

"Afadhali?"

"Anagomba. Akijua ataacha kugomba, ataanza kunihurumia. Sitaweza kuishi na huruma ya mwanamke yule."

Aprili 10

Nimeng'oa kile kifaa nikafunga taa nyekundu, kubwa kama sahani, mbele ya kiti chake. Nani huweka sauti nyembamba pembeni mwa jenereta na kutegemea isikike? Nilisoma miaka yote ile kuhusu umeme, nikasahau kwamba mwisho wa waya kuna mtu. Tumekubaliana: taa ikiwaka, awashe. Isipowaka, wingu liwe jeusi namna gani, mikono mifukoni.

"Thelathini," akasema, kama anayekariri namba ya nyumba.

Aprili 16

Dizeli inashuka. Mawingu siku nzima, mikono mifukoni. Fundi cherehani wa jirani amefungua dirisha la upande wetu. Sikuwahi kujua kwamba lilikuwa dirisha.

Aprili 19

Baba Mdogo amepewa jina jipya na karani: Mikono Mifukoni. Amelipenda.

Aprili 23

Gridi ilikatika asubuhi na mvua ikashuka kama imefunguliwa bomba. Paneli zilitoa umeme wa kuwashia taa mbili tatu. Sweta alizishikilia kazi zote zinazoweza kungoja, video zikapanga foleni, nakala za akiba zikapanga nyuma yake. Zikabaki hospitali. Kufika mchana betri zilikuwa nusu, na mvua haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Baba Mdogo alikuja kukaa nami chumba cha betri. Tulikuwa tumeifunga taa ya pili huko ili aione popote alipo. Skrini ikawa inashuka tu: arobaini, thelathini na sita. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba leo dizeli haitawaka. Niliitaka siku hiyo moja safi, siku mbaya kuliko zote, niiweke kwenye ripoti na kusema, mnaona?

Taa ikawaka.

"Thelathini," Baba Mdogo akasema, akainuka.

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

"Gridi inaweza kurudi sasa hivi. Huwa inarudi wakati huu."

Ishirini na tisa. Aliangalia skrini, akaniangalia. Ishirini na nane.

"Injinia."

"Dakika chache tu, Baba Mdogo, nakuomba."

"Wewe ulinikalisha chini," akasema taratibu, "ukaniambia nisifuate hofu yangu, nifuate taa. Nikakusikiliza. Nimekaa na mikono mifukoni mpaka suruali imetoboka. Leo taa imewaka unataka tufuate hamu yako? Huko hospitali mtu amelala anangoja damu, daktari anatafuta kundi lake kwenye hizi mashine. Ndiye tunayemwambia asubiri kidogo?"

Nikampisha. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nikasikia jenereta ikikohoa mara moja tu na kushika, maana hajawahi kuacha kuitunza, hata wiki hizi ambazo kila mtu anaizungumzia kama marehemu. Ilifanya kazi mpaka jioni gridi iliporudi. Seva hazikuzimika hata sekunde.

Aliporudi amelowa chapachapa nilimpa koti langu. Halikumtosha hata mkono mmoja. Akalivaa kichwani.

Nimekuwa nikimfikiria kama mtu wa dizeli na mimi kama mtu wa jua. Tumekuwa na ugonjwa mmoja. Yeye kila wingu lilimtia hofu, mimi kila wingu lilinitia tamaa, na wote wawili hatukuitazama namba.

Aprili 29

Mvua zinapungua. Mkurugenzi anataka ripoti wiki ijayo.

Dizeli imepungua kwa theluthi, siyo nusu. Ukiziondoa zile wiki za Machi na mwanzo wa Aprili, imepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini siwezi kuziondoa bila kusema kwa nini.

"Andika hitilafu ya mfumo," Sweta akanishauri. "Hakuna anayeuliza kama hitilafu ilikuwa na masikio."

Ameshauri kwa upendo, naye Baba Mdogo ni kama mzee wake. Nimekwenda na ushauri huo nyumbani. Nikiandika hitilafu ya mfumo, mfumo ndio unaoonekana mbovu. Mkurugenzi ataagiza jenereta ya pili, na Baba Mdogo atabaki na kazi yake, katikati ya mashine mbili badala ya moja, mpaka zimalizie hata hizo sauti nene. Nikiandika kweli, paneli zitabaki, kazi yake itakwisha. Nimegeuza sentensi hiyo kila upande. Hakuna upande usioumiza.

Mei 2

Nimempeleka kwa daktari wa masikio. Alikubali kwa sharti kwamba Mama Mdogo asijue, na Mama Mdogo alikuwa ameshavaa viatu anatungoja mlangoni. Kumbe Sweta amemwambia karani, na karani hana breki.

Daktari alimfungia kwenye kijichumba, akampa kitufe abonyeze kila akisikia sauti. Sisi tulimwona kwenye kioo, kidole kimekaa juu ya kitufe, anangoja kwa adabu. Aliyoyapoteza hayarudi, daktari alisema. Yaliyobaki yanaweza kubaki, akikaa mbali na ile mashine.

Njiani Mama Mdogo hakusema neno. Baba Mdogo akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Gomba basi," akamwambia.

"Miaka yote hii," akasema yeye, "naongea upande wako wa kushoto."

"Wa kulia ndio mzuri kidogo."

Akazunguka akahamia kulia, akamshika mkono, akaanza kumgombeza kuanzia siku ya harusi.

Mei 6

Ripoti niliimaliza jana. Kabla ya kuipeleka nilimpa Baba Mdogo aisome, kwa sababu masikio ni yake. Alivaa miwani, akaisoma yote kwa kidole, hata majedwali. Niliandika kwamba king'ora kilichochaguliwa nami hakikumfaa mtu niliyemwekea, na kwamba usikivu wake umeliwa na mashine ya kampuni katika kazi ya kampuni, hivyo kampuni imtibu. Niliandika kwamba jenereta ya zamani ibaki kwa siku mbaya, ya pili isinunuliwe, na kazi nzito ziendelee kufanywa mchana. Niliomba apewe kazi ya kutunza paneli na betri, mbali na kelele, mpaka atakapostaafu. Ombi linaweza kukataliwa. Juu ya ombi hilo kuna sentensi nyingine ambayo haiombi kitu: kituo hiki hakihitaji tena mwendesha jenereta wa kudumu.

Kidole chake kilikaa juu ya sentensi hiyo muda. Nikamwambia, nikiwa upande wa kulia, kwamba naweza kuilainisha.

"Iache," akasema. "Ni kweli."

Akaomba kalamu. Akarudi ukurasa wa kwanza, akakata neno moja, pale nilipoandika "mwendesha jenereta, mzee mwenye uzoefu." Alikata "mzee."

Nimeipeleka saa nne. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akanionyesha meza kwa kidole. Nikaiweka hapo, nikatoka. Baba Mdogo alikuwa amesimama kwenye korido, ameegemea ukuta, hana kazi ya kufanya, ananingoja. Nikamwona anafungua mdomo kuniuliza. Nikamwitikia kwa kichwa kabla hajauliza, ili asilazimike kuniambia nirudie.